MBONA HUYU KALALA PEKE YAKE?
Jinsi ya kusoma kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, Songea



Siku moja tulikwenda na wanakisomo kutazama makaburi ya mashujaa wa Majimaji mjini Songea. Bibi mmoja, aliyekuwa amejua kusoma mwaka uleule, alisimama mbele ya majina ya mashujaa. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akasoma polepole. Akaenda la pili, na la tatu. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kusogea mbele, yeye bado anasoma.

Kisha akaliona kaburi jingine, liko pembeni. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona huyu kalala peke yake?"

Nilimjibu kwa haraka tu, maana gari lilikuwa linatungoja. Jibu langu halikutosha. Leo nataka kulijibu swali la bibi yule vizuri, na nyinyi wengine mpate kusikia.

VITA YENYEWE

Kwanza tukumbushane. Nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Waliwatoza watu kodi. Katika sehemu za kusini waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba. Mtu aliacha shamba lake la chakula akaenda kulima la serikali. Malipo yalikuwa madogo sana, na fimbo zilikuwa nyingi.

Mwezi wa Julai 1905, watu wa Umatumbi, katika nchi ya Kilwa, waling'oa pamba. Hapo vita ikaanza. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji. Waliamini kwamba mtu akiwa na dawa hiyo, risasi za Wajerumani zitageuka maji. Ndiyo maana vita ikaitwa Majimaji. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mwezi wa Agosti 1905, lakini vita haikufa naye. Iliendelea kuenea, ikafika Ungoni.

Tuseme kweli: maji hayakuzuia risasi. Bunduki za Wajerumani ziliua watu wengi. Lakini dawa ile ilifanya kazi nyingine kubwa. Makabila ambayo zamani hayakupatana yalikubali kusimama pamoja dhidi ya adui mmoja.

Wajerumani walipoona watu wanajificha porini na kuvizia, walitumia njaa kama silaha. Walichoma vijiji, wakachoma na vyakula. Vita ilipokwisha mwaka 1907, watu wengi sana walikuwa wamekufa, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Serikali ya Wajerumani ilisema waliokufa ni 75,000. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanasema walifika 250,000 au hata 300,000.

TAREHE 27 FEBRUARI 1906

Huko Ungoni Wajerumani waliwakamata wakubwa wengi. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi na wapiganaji pale Songea. Idadi ya walionyongwa, kama inavyokumbukwa pale, ni watu 67. Miongoni mwao alikuwemo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Alikuwemo na mwanamke mmoja, Mkomanile, naye akiwa kiongozi. Na alikuwemo Nduna Songea Mbano. Kwa Wangoni, nduna ni mkubwa wa vita na wa utawala chini ya nkosi.

Sasa tuingie kwenye kumbukumbu yenyewe. Kumbukumbu ya vita ni kama kitabu. Kila kitu kilichowekwa pale ni ukurasa, na kina jambo la kusema. Tusome ukurasa mmoja mmoja.

UKURASA WA KWANZA: KABURI LA PAMOJA

Hili ni kaburi la watu 66. Hawakulazwa humo kwa desturi ya Wangoni. Walitiwa shimo moja na watu waliowanyonga.

Kwa nini shimo moja? Sisi tunajua maana ya kuzika. Mtu huoshwa, huliliwa, hutajwa jina lake, na jamaa hujua alipolala. Ukiwatupa watu shimo moja bila jina, umewaua mara mbili. Umeua mwili, na unataka kuua jina pia.

Kwa hiyo kaburi hili lilianza kama kazi ya adui. Wazalendo waliokuja baadaye hawakulifukua. Walilijengea, wakalifanya mahali pa heshima. Shimo lililokusudiwa kuficha watu limekuwa mahali ambapo watu hufika kuwakumbuka.

UKURASA WA PILI: MAJINA

Hapa ndipo bibi yule alipokawia, na alifanya vema. Katika kumbukumbu yoyote ya vita, majina ndiyo moyo wake. Sanamu huweza kupendeza, mnara huweza kuwa mrefu, lakini bila majina mtu hajui analia nani.

Majina haya yalitunzwa kwanza vinywani mwa watu. Wajukuu waliambiwa na babu zao. Baadaye yakaandikwa. Maneno ya mdomo huenda na msemaji, lakini maandishi hubaki. Leo mjukuu wa mashujaa hao anaweza kufika pale, akasoma jina la babu yake, akasema, "Huyu ni wetu."

UKURASA WA TATU: KABURI LA PEMBENI

Sasa, bibi, nakujibu. Aliyelala peke yake ni Nduna Songea Mbano.

Wajerumani walimjua vizuri. Mwaka 1897 walijenga boma lao katika nchi yake, na mahali pale pakaitwa kwa jina lake. Mji wa Songea unalo jina hilo mpaka leo. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa. Alisema hawezi kuishi wakati wenzake wamekufa.

Lakini kuna jambo jingine, zito zaidi. Katika kaburi hilo Songea hayupo mzima. Wazee na jamaa zake wanasema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hilo si jambo la ajabu kwa nyakati zile. Wajerumani walichukua mafuvu mengi ya watu kutoka Afrika, wakayaweka katika nyumba za makumbusho na za utafiti. Walijidai eti wanapima vichwa ili wajue tabia za makabila.

Kwa hiyo kaburi lile ni kaburi ambalo halijakamilika. Jamaa wamelia, lakini kilio hakijaisha.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Songea. Alikutana na jamaa wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa mambo yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho. Siku aliyofika, kilikuwa hakijapatikana.

Je, kutafuta kunaweza kufaa? Ndiyo. Mwaka huohuo wa 2023, wataalamu wa Berlin walilinganisha mafuvu kutoka Kilimanjaro na watu wanaoishi huko sasa. Wakawapata jamaa wa fuvu moja kwa hakika. Fuvu hilo lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Akida alikuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Tazama kazi ya maandishi! Neno moja tu liliwaonyesha wataalamu pa kuanzia kutafuta.

UKURASA WA NNE: SANAMU NA NYUMBA YA MAKUMBUSHO

Pale pia kuna sanamu za viongozi wa Wangoni. Anayefika pale hutazamana nao uso kwa uso. Zamani picha za mashujaa zilipigwa na mtawala, nao wamefungwa minyororo shingoni. Sanamu zinawaonyesha kama wakubwa wenye heshima zao.

Nyumba ya makumbusho ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani yake mna silaha na vitu vya watu wa wakati ule. Ukitazama mkuki, kisha ukawaza bunduki ya mzinga, unajua walioshika mikuki hiyo walikuwa watu wa namna gani. Kila mwaka, mwezi wa Februari, watu hukusanyika hapo kuwakumbuka mashujaa.

NA KIJIJI CHAKO JE?

Pengine unasema, "Sisi hatuna mnara, wala saruji ya kujengea hatuna." Nami nakwambia, mnara si lazima uanze na saruji. Unaanza na daftari.

Karibu kila kijiji kina watu waliokwenda vitani. Wako waliokufa katika Majimaji. Wako waliochukuliwa kuwa wapagazi katika vita ya 1914 mpaka 1918. Hao walikufa kwa maelfu njiani, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Wako waliopelekwa Burma katika vita ya pili ya dunia. Wako waliopigana vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979.

Fanyeni hivi:

1. Waendeeni wazee wenu mapema. Mzee akifa, majina aliyokuwa nayo huenda naye.
2. Andikeni jina lote: lake, la baba yake, na la ukoo wake.
3. Andikeni alikwenda vita gani, na kama alirudi au hakurudi.
4. Andikeni jina la aliyewasimulia, na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili.
5. Msiwasahau wanawake. Waulizeni nani alipika, nani alibeba mizigo, nani alibaki akilea watoto peke yake.
6. Nakilini daftari mara mbili. Moja likae ofisi ya kijiji, jingine shuleni.

Siku mtakapopata saruji, majina yatakuwa tayari. Na msipoipata, wajukuu wenu watasoma daftari.

Bibi yule, tulipokuwa tunarudi garini, aliniambia kwamba babu yake aliondoka na mizigo ya Wazungu asirudi. Nikamwuliza jina lake. Akalitaja. Nikatoa kalamu ili niandike. Akanizuia mkono, akasema, "Lete hapa, mwalimu. Nitaandika mwenyewe."

MANENO MAGUMU
Nkosi – mtawala mkuu wa Wangoni.
Fuvu – mfupa wa kichwa.
Mpagazi – mtu anayebeba mizigo safarini.
Kunakili – kuandika tena maneno yaleyale mahali pengine.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Kwa nini watu waliamua kulijengea kaburi la pamoja, wasilifukue?
2. Kichwa cha Nduna Songea kikipatikana, kwa maoni yenu kizikwe namna gani, na nani aamue?
3. Taja watu wawili wa kijiji chako waliokwenda vitani. Nani anayeweza kukusimulia habari zao?