Kimbunga kimeuvunja mti: ukatwe au uachwe?

PEMBA, Msumbiji

Kimbunga Chido kilipotua wilayani Mecufi, kusini mwa Pemba, Desemba 15, 2024, kiliezua mapaa na kuangusha nyumba. Miti nayo haikusalimika: mingine iling'oka na mizizi yake, mingine ilibaki imesimama ikiwa imekwanyuka matawi.

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kililipiga jimbo hilohilo la Cabo Delgado, linalotenganishwa na Tanzania na mto Ruvuma, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Baada ya kila dhoruba swali ni lilelile: mti uliojeruhiwa ukatwe au uachwe?

La kwanza kutazamwa ni usalama wa watu. Mti ulioinamia nyumba, njia au kisima, huku udongo umepasuka na mizizi imeinuka, hauna mjadala. Hukatwa, na anayeukata awe mzoefu, kwa kuwa shina lililopinda huweza kufyatuka na kuua.

Ulio ndani ya msitu una hesabu yake. Kubaki bila majani si kufa. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mapya, mara nyingi mekundu, Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Ukikwangua gome kwa kisu na kukuta ubichi wa kijani chini yake, sehemu hiyo ingali hai. Mti wa namna hiyo unastahili kusubiriwa mpaka majira ya kuchipua yapite.

Lakini familia inayolala nje haiwezi kuambiwa isubiri Oktoba. Inahitaji nguzo na fito leo. Ndiyo maana mpangilio una maana: kwanza itumike miti iliyolala chini, kisha iliyo hatarini kuanguka, na iliyo hai iwe ya mwisho. Nguzo za nyumba na kuni za jikoni ni jambo moja. Kugeuza maafa kuwa tanuri la mkaa wa kuuza ni jambo jingine.

Mpingo unaonyesha gharama ya haraka hiyo. Wachongaji wa Kimakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wanautegemea, nao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Ukiingia tanurini, mkaa wake huisha jikoni kwa siku chache.

Hata mti uliokufa, kama hautishii mtu, una kazi. Hondohondo hutaga kwenye mashimo ya mashina, na nyuki hujenga humo.

Ikilazimu kukata ulio hai, kisiki kiachwe kifupi, kikatwe kwa mshazari ili maji yasituame. Miombo mingi huchipua upya kutoka visikini. Baadaye yabakizwe machipukizi mawili au matatu yenye afya, yakingwe dhidi ya mbuzi na moto wa kiangazi. Mizizi ya zamani tayari imo ardhini, hivyo machipukizi hayo hukua haraka kuliko mche uliopandwa.

Vimbunga vitarudi. Kijiji kitakachokubaliana mapema nani akague miti, na ipi itangulie kukatwa, hakitaamua mambo hayo katikati ya vilio huku shoka liko mkononi.