Kuchagua Madirisha ya Nyumba: Lipia Hewa, Si Kioo Pekee

Walaji wengi wanaojenga Musoma, Bunda na Butiama huanza kwa kuuliza bei ya dirisha na rangi ya kioo chake. Tunawashauri watangulize swali jingine: dirisha hili likifunguliwa, litaingiza hewa kiasi gani?

Dirisha la aluminiamu la kusukuma, lenye vipande viwili, hufunguka nusu tu. Likiwa na upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 120, eneo lake ni mita za mraba 1.8, lakini nafasi ya hewa haizidi 0.9. Dirisha la ukubwa huo lenye bawaba, liwe la mbao au la chuma, hufunguka karibu lote. Hata hivyo, mbao mbichi hupinda, na chuma kisichopakwa rangi hushika kutu.

Mahali pa nyumba nako kuzingatiwe. Kando ya ziwa, Musoma, mbu na wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku. Wavu wenye matundu madogo ni wa lazima. Kwa kuwa wavu hupunguza hewa, dirisha la kusukuma lisiwe dogo. Bunda, kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kagua mipira ya kuziba kingo. Butiama iko juu zaidi ya usawa wa ziwa. Dirisha linalofunga barabara huzuia baridi ya usiku. Kotekote, madirisha yanayoelekea mashariki na magharibi hupigwa na jua kali, yawekewe kivuli.

Usalama una pande mbili. Nondo zilizochomelewa moja kwa moja humzuia mwizi, lakini moto ukizuka huwafungia waliomo ndani. Tunashauri kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali panapojulikana na wote.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, dai maandishi yanayotaja:

- vipimo vya kila dirisha, vilivyochukuliwa baada ya kupiga lipu;
- unene wa kioo na wa fremu kwa milimita;
- iwapo wavu, vitasa na ufungaji vimo katika bei;
- tarehe ya kukamilisha na muda wa dhamana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Lakini ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Kwa hiyo tunza mkataba pamoja na risiti ya EFD.

Mwisho, usikamilishe malipo kabla hujafungua na kufunga kila dirisha kwa mkono wako mwenyewe, na kulimwagia maji kwa nje ili kuona kama linavuja. Kasoro iliyoonekana siku hiyo hurekebishwa kwa urahisi kuliko ile itakayofichuliwa na mvua za masika.