Komredi, umati si kura

Unataka kuwania kiti cha wanafunzi chuoni? Anza na hesabu. Zamani pale Chuo Kikuu cha Nairobi, viongozi wa SONU walichaguliwa na wanafunzi wote moja kwa moja. Ukiteka uwanja, umeteka kiti. Halafu yakaja marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016: kila kitivo au idara ichague wajumbe watatu, wasizidi wawili wa jinsia moja, kisha hao ndio wachague baraza ndani ya siku 30. Na mjumbe haruhusiwi kuwa mgombea.

Rumeti wangu alijua haya yote, akayapuuza. Aliwania uenyekiti tukiwa mwaka wa pili (chuo nitakiacha bila jina). Pesa zake za HELB za muhula mzima ziliishia kwa mabango na spika za kukodisha. Jioni nje ya mesi, "Komredi pawa!" ilisikika hadi steji. Hata mimi niliamini tumeshinda.

Kumbe wajumbe hawakuwa pale. Mpinzani alikuwa amewatafuta mmoja mmoja, akawalisha nyama choma wikendi mbili, na usiku wa kuamkia kura akawalaza gesti mjini, simu zimezimwa. Jamaa yangu alipata kura nne.

Muhula huo tulikula ugali sukuma kwa mfuko wangu mimi, na ulikuwa mwembamba.

Mwaka uliofuata aliwania tena, safari hii ujumbe wa idara. Akashinda bila bango hata moja. Wiki hiyo hiyo simu ikaanza kuita: anaalikwa nyama choma.