Kompyuta Isipoiona iPod, Usikimbilie Kufomati

Ukichomeka iPod Classic kwenye kompyuta na isionekane, usiharakishe kuifuta. Mara nyingi nyimbo zako bado zimo kwenye diski yake, na kilichokatika ni mawasiliano tu. Tafuta yamekatikia wapi, ukianzia nje kwenda ndani.

Anza na kebo. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Ndiyo sababu iPod inaweza kujaa chaji huku kompyuta haina habari nayo. Tumia kebo ambayo una hakika inahamisha faili, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukiipitishia kwenye kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, huenda diski isipate nguvu ya kutosha kuzunguka. Betri ikiwa imekauka, ichaji kwanza.

Isipoonekana bado, izime na kuiwasha upya. Sogeza swichi ya Hold, uirudishe, kisha bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja mpaka nembo ya Apple itokee. Hatua hii haifuti wimbo hata mmoja. Nembo ikitokea tu, achia, halafu shikilia kitufe cha katikati na Play. iPod itaingia kwenye hali ya diski, na kompyuta yaweza kuisoma kama flashi.

Kwenye Windows, fungua Disk Management. Ukiikuta iPod humo bila herufi ya diski, au herufi yake inagongana na ya diski nyingine, ipe herufi mpya. Ikiwa Windows inaiona lakini iTunes haiioni, sakinisha iTunes upya. Kwenye Mac, kuanzia macOS Catalina ya 2019, itafute ndani ya Finder, kwa kuwa iTunes iliondolewa.

Kuna mtego mmoja mkubwa. iPod iliyoandaliwa kwenye Mac hutumia mfumo wa HFS+, ambao Windows peke yake haiusomi. Windows itakuuliza kama unataka kuifomati. Kataa! Ipeleke kwenye Mac, utazikuta nyimbo zako salama. Zilizoandaliwa kwa FAT32 husomeka kote kuwili.

Diski ikifunguka, ruhusu faili zilizofichwa zionekane, kisha nakili folda ya Music iliyo ndani ya iPod_Control. Majina ya faili yatakuwa herufi nne zisizo na maana, lakini kwa kawaida jina la wimbo na la msanii huwa yameandikwa ndani ya faili, na programu ya muziki itayasoma.

Ukisikia diski ikigonga tik-tik, acha majaribio umpelekee fundi, maana diski inakufa. Kitufe cha Restore kiwe cha mwisho kabisa, kwani hufuta kila kitu. Nakili kwanza, ndipo urekebishe.