Je, Wajua? Laptopu Yako na Hewa ya Ufipa

Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar
Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Matai iko kwenye uwanda huohuo wa Ufipa. Kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Feni ya laptopu inazunguka vilevile, ila hewa inayosukumwa ni haba, hivyo joto hutoka polepole. Baridi yetu ya Juni inafidia, lakini msimu huohuo ndio wa vumbi. Matundu yakiziba, baridi ya nje haisaidii kitu.

Wafipa waliyajua mambo ya hewa zamani
Wahunzi wa Ufipa walijenga malungu, tanuri za udongo zinazozidi kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma bila kupuliza. Hewa ya moto ilipanda juu, na hewa baridi ikajiingiza yenyewe kwa mirija ya chini. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri ndogo ya kusafishia chuma. Laptopu ni nyembamba mno kwa ujanja huo, ndiyo maana hupewa feni, na mara nyingi matundu ya kuvutia hewa huwa chini ya tumbo lake. Ukiilaza juu ya blanketi umeziba mirija yote kwa mkupuo mmoja!

Kidole chako kinaweza kubeba volti 3,000
Ndipo hapo tu mtu huanza kuuhisi umeme ule unaochoma ukivua sweta. Ajabu ni kwamba baadhi ya vipande vya ndani ya kompyuta huharibika hata chini ya volti 100, nawe hujahisi chochote. Kiangazi hewa ikikauka, hatari huongezeka. Fundi anayejua kazi huzima mashine, huchomoa chaja, kisha hujigusisha kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika bodi. Akipuliza vumbi, huzuia feni kwa kijiti isizunguke kupita kiasi. Ukimkuta anasugua bodi kwa kitambaa cha nailoni, chukua laptopu yako uende zako.

Kioo cha laptopu mara nyingi si kioo
Skrini nyingi zisizong'aa zina uso wa plastiki laini. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia inaweza kuubabua. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Maji yapulizie kitambaa, usiipulizie skrini.

Kompyuta ziliwahi kupigwa marufuku Tanzania
Ndiyo, mwaka 1974 serikali ilizuia kuziingiza nchini. Hata zingeruhusiwa, ya kubeba ungeipata wapi? Osborne 1, miongoni mwa za kwanza kuuzwa sana, ilitoka 1981 ikiwa na kilo 11 hivi, zaidi ya nusu debe la mahindi, skrini ya inchi 5, na haikuwa na betri.

Betri haipendi kushiba
Betri ya lithiamu ikikaa muda mrefu imejaa kabisa, tena kwenye joto, huchakaa upesi. Kwa joto, Ufipa tumebahatika, ila chaji ni juu yako. Kwa hiyo ukisafiri mwezi mzima bila laptopu, iache na chaji ya nusu, imezimwa, mbali na jiko na dirisha lenye jua.