Nyufa za Bukavu, funzo kwa Baraka

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na dakika 34 asubuhi, watu wengi wa Bukavu walikuwa kanisani ama njiani kwenda kusali. Inchi ikanguruma, ikatikisika kwa sekunde chache tu. Kuta zikapasuka, matofali yakaanguka, watu wakatoka mbio wakiita watoto wao.

Upande wa pili wa Ruzizi, kule Rwanda, njo kulikuwa vibaya zaidi. Katika wilaya ya Rusizi kanisa liliwaangukia waumini wakiwa ndani. Tukihesabu pande zote mbili za mpaka, watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao Rwanda, na mamia wengine waliumia. Ku Bukavu wagonjwa walitolewa nje ya hospitali, masomo yakafungwa, na familia nyingi zikalala nje, maana inchi haikutulia upesi. Tarehe 14 ya mwezi ule ule ikatikisika tena kwa nguvu.

Sisi wa Fizi tulifuata habari hizo ku redio na ku simu. Familia nyingi za huku zina mtoto anayesoma Bukavu, ama kaka anayefanya kazi kule. Tuliposikia kwamba wako wazima tulimshukuru Mungu, tukarudi kwenye shughuli zetu. Lakini habari ile ilituhusu kuliko tulivyodhani, na leo inatuhusu zaidi.

Dogo limeua kuliko kubwa

Tetemeko la Bukavu lilipimwa 5,9. Miaka miwili na kitu mbele yake, Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, ziwa letu wenyewe lilikuwa limetikisika. Ilikuwa saa nane na dakika 19 mchana, wakati ule ndugu zetu walikuwa wameanza kurudi kwa meli kutoka kambi za Kigoma. Lile lilipimwa 6,8. Lilisikika mpaka Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka kwenye majumba marefu. Kwa nguvu, lilishinda lile la Bukavu zaidi ya mara 20.

Lakini lenyewe liliua watu wachache, chini ya kumi, katika eneo la Kalemie, ambako nyumba nyingi zilibomoka. Kwa nini lile dogo liue zaidi? Jibu ni kwamba kitovu cha lile kubwa kilikuwa chini ya maji, mbali na miji. Lile la 2008 lilipiga karibu na uso wa inchi, pembeni kabisa ya muji uliojaa watu na nyumba za matofali. Kinachoua ni ukuta ulioko juu ya kichwa cha mtu.

Muji uliopakwa sima juu ya jeraha

Bukavu ilipangwa na Wabelgiji kwa watu wachache, juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani. Leo watu wamejaa mpaka kwenye miteremko mikali ya Kadutu. Huko Funu, wataalamu wanaopima kwa setilaiti wameonyesha kwamba mteremko mzima unasogea polepole, na kwamba wingi wa nyumba na maji yanayomwagwa ovyo vimeongeza mwendo wake. Muji wa namna hii ukitikisika, hasara haiishi siku ile.

Baada ya 2008, mwenye pesa alibomoa akajenga upya. Wasio na pesa, njo wengi, walijaza ufa kwa sima, wakapaka rangi, wakaingia ndani kulala. Ukuta kama huo unaonekana mzima, lakini hauna nguvu ya kwanza. Tarehe 7 Agosti 2015, usiku watu wakiwa wamelala, tetemeko lingine la 5,8 lilipiga karibu na Bukavu, na watu wakakufa tena. Hapo ufa wa zamani njo hufunguka kwanza.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, Bukoba ilipigwa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la ukubwa ule ule wa 5,9. Watu zaidi ya 15 walikufa na masomo ya Ihungo na Nyakato yakaharibika. Ihungo ilijengwa upya kabisa. Ku Bukavu, sehemu kubwa ya kazi hiyo iliachiwa mfuko wa kila mutu.

Na sisi hapa?

Mutu asiseme kwamba mambo ya matetemeko ni ya watu wa Kivu na volkano zao. Ziwa Tanganyika ni shimo lililofunguka inchi ilipopasuka, lenye kina cha karibu metre 1 470, na ule mpasuko haujafunga. Rasi yetu ya Ubwari yenyewe ni kipande cha mwamba kilichobaki juu wakati pande zake zilishuka. Kule mwisho wake, Cap Banza, maji ya moto yanatoka chini ya ziwa, yanapanda kupitia nyufa za mwamba. Wavuvi wanaopita kule wana ushahidi huo chini ya mitumbwi yao.

Zamani wazee wetu walijenga kwa miti na udongo. Nyumba ile ikitikiswa inapinda, udongo unadondoka, lakini miti inashikana. Vita ilipotulia na watu wakarudi, kila familia ilitaka nyumba ya kudumu, ya matofali ya kuchoma. Ni haki yao, nani anapenda kujenga kila mwaka? Lakini ukuta wa matofali ni mzito. Unabeba vizuri uzito unaotoka juu, ila ukisukumwa kutoka pembeni unaachana kwenye kona, na ile pembe ya juu inayoshika paa huanguka kwanza. Sasa Baraka ni ville, watu wanaanza kupandisha etaji, na mara nyingi ukuta ni ule ule wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo.

Dawa inajulikana na mafundi wetu. Inaitwa chaînage: mkanda wa beto wenye nondo ndani, ama fer à béton kama wengine wanavyosema, unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha na kushika kuta nne pamoja kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Ongeza nguzo za beto kwenye kona, paa jepesi la mabati lililofungwa vizuri, na madirisha yasiyokaribia kona. Haifanyi nyumba isipasuke, inafanya isiwaangukie watu. Shida ni kwamba pesa ikipunguka, nondo njo za kwanza kukatwa, kwa sababu hakuna anayeziona nyumba ikiisha.

Hapo wakubwa wa muji wana kazi yao. Ruhusa ya kujenga isiwe karatasi ya kulipia tu. Mutu wa urbanisme afike kwenye parseli kabla beto haijamwagwa, aone vyuma kwa macho. Waanze na nyumba za watu wengi: masomo, makanisa, misikiti, vituo vya afya.

Na wewe msomaji, huna haja ya kungoja. Ijumaa hii msikitini, ama Jumapili kanisani, inua macho kidogo. Angalia kona za ukuta na pale juu ya mlango. Ukiona ufa unaoshuka kwa mshazari, usimuitie mupaka rangi. Muite fundi kwanza.