Kinu cha maji cha babu: Namna ya kufuatilia historia yake na ya ukoo

KATIKA mabonde ya Vihiga, Kakamega na Bungoma, na vilevile kwenye miteremko ya Murang'a na Nyeri, yangalipo mawe mazito ya mviringo, yenye tundu katikati, ambayo watoto huyakalia bila kujua yalifanya kazi gani. Mengine yamegeuzwa vidato vya mlangoni, na mengine yamezama matopeni kando ya mto. Hayo ni mabaki ya vinu vya maji, mashine zilizosaga nafaka vijijini kabla ya injini za dizeli kuenea.

Kwa familia nyingi, kinu cha aina hiyo kilikuwa miongoni mwa biashara za kwanza kuingiza fedha taslimu bila mtu kwenda kuajiriwa mbali. Hata hivyo, wajukuu wanapoketi kugawana urithi, swali la nani hasa alikuwa mwenye kinu huzua mabishano. Karatasi pekee wanayokuwa nayo ni hatimiliki ya shamba, na mara nyingi karatasi hiyo haina neno hata moja kuhusu kinu.

Asili ya vinu hivyo katika eneo la Magharibi inahusishwa sana na misheni. Mwaka 1902, Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha kituo cha Friends Africa Industrial Mission huko Kaimosi. Kama jina lake linavyoonyesha, misheni hiyo ilifundisha kazi za mikono pamoja na dini, na ilitumia nguvu za maji kuendesha mitambo yake. Wenyeji waliojifunza ufundi waliona manufaa yake. Mahindi yalikuwa yakienea mashambani, na kuyasaga kwa jiwe la mkono kulikuwa kazi ya kutwa iliyowaelemea wanawake. Kufikia miaka ya 1930, vinu vya Waafrika vilikuwa jambo la kawaida kandokando ya mito ya Magharibi, na hata huko Mlima Kenya wafanyabiashara walikuwa wamevikumbatia.

Vitu vitatu, wenyewe tofauti

Anayetaka kufuatilia historia ya kinu sharti kwanza aelewe kwamba kinu hakikuwa mali moja. Kilikuwa ardhi, maji na mashine, na kila kimoja kiliweza kuwa na mwenyewe.

Maji yalikingwa juu mtoni kwa boma la mawe na magogo, kisha yakapitishwa katika mfereji uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Mfereji uliteremka polepole kuliko mto wenyewe, hivi kwamba ulipofika kwenye kinu, maji yalikuwa juu na yaliweza kuangukia gurudumu kwa nguvu. Gurudumu lilizungusha mhimili, nao ukaendesha jiwe la juu huku jiwe la chini likiwa limetulia. Punje ziliingia kupitia tundu la jiwe la juu, zikasagwa kati ya mawe hayo na kutoka pembeni zikiwa unga. Mifuo ya mawe ilipolainika, sharti fundi aichonge upya.

Mfereji kama huo uliweza kukata mashamba ya majirani kadhaa. Mawe na vyuma vilihitaji fedha ambazo watu wachache walikuwa nazo peke yao, hivyo ndugu au majirani mara nyingi walichanga. Mwenye ardhi aliweza kuhesabiwa mshirika kwa sababu tu kinu kilisimama kwake. Ndiyo maana jibu la "kinu kilikuwa cha babu" laweza kuwa kweli katika koo tatu kwa wakati mmoja.

Kuanza na wazee

Hatua ya kwanza ni simulizi, kwa kuwa faili zitasubiri lakini wazee hawatasubiri. Waliofanya kazi vinuni katika miaka ya 1940 sasa ni wakongwe wachache mno. Inafaa kumhoji kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha maelezo. Swali la nani alimiliki huleta majibu ya kujihami. Maswali mepesi huzaa zaidi: nani alichonga mawe, nani alifungua maji alfajiri, nani alipokea malipo, na mfereji ulipopasuka nani aliitwa kuuziba.

Wanawake wasisahaulike. Majina yao ni haba katika nyaraka, ilhali ndio waliobeba magunia, wakapanga foleni na kujua unga wa nani ulisagwa kwa mkopo.

Wazee hawatataja miaka, bali watataja matukio na marika. Miongoni mwa Wabukusu, kwa mfano, majina manane ya marika hurudi kwa zamu, na tohara hufanywa mwezi Agosti wa miaka isiyo witiri. Anayejua rika la aliyejenga kinu aweza kukadiria umri wake. Fedha nazo huongoza, ila kwa tahadhari. Rupia iliondolewa mwaka 1920 na nafasi yake kuchukuliwa na florini, kisha shilingi ikaingia mwaka uliofuata. Lakini watu wengi waliendelea kuita shilingi mbili "rupia" kwa miaka mingi. Mzee akisema kinu kilinunuliwa kwa rupia, hilo pekee si ushahidi kwamba kilikuwepo kabla ya 1920.

Kutafuta katika faili

Hatua ya pili ni nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoko Moi Avenue jijini Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za wilaya pamoja na kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji, ambayo kwenye faili huitwa Local Native Council. Mabaraza hayo yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 yakawa African District Council. Kumbukumbu za kesi za mahakama za wenyeji nazo ni hazina, kwani watu wanapogombana ndipo majina yote hutajwa.

Kikwazo kikubwa ni majina ya wilaya. Eneo lililoitwa North Kavirondo lilibadilishwa jina kuwa North Nyanza mwaka 1948. Mwaka 1956 sehemu ya kaskazini ikatengwa na kuitwa Elgon Nyanza, ambayo baadaye ikawa Bungoma. Vihiga ilimegwa kutoka Kakamega mwaka 1990. Murang'a nayo iliitwa Fort Hall wakati wa ukoloni. Anayetafuta kinu cha Vihiga cha mwaka 1936 chini ya jina Vihiga hatapata kitu.

Haki ya maji ilikuwa na njia yake. Sheria ya maji ya mwaka 1929, na ile ya 1951 iliyofuata, ziliyaweka maji ya mito chini ya serikali, na aliyetaka kuyachepusha alihitaji kibali. Kibali kikipatikana, chaweza kumtaja mtu tofauti kabisa na aliye kwenye hatimiliki.

Tofauti hiyo si ajabu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulihimiza ardhi ipimwe na kusajiliwa, na mara nyingi shamba liliandikwa kwa jina la mwanamume mmoja. Washirika waliochanga fedha za mawe hawakuonekana tena kwenye karatasi. Kufikia wakati huo mashine za dizeli zilikuwa zikienea. Zenyewe ziliweza kuwekwa sokoni, karibu na barabara, wala hazikusimama kiangazi mto ulipopungua. Vinu vikaachwa, na ubia ukafa kimyakimya.

Kinachogombaniwa leo pia chahitaji kupimwa. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kulindwa wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, na mabaki mengi ya vinu yamo humo humo. Huenda ndugu wakapelekana mahakamani kwa kipande ambacho hakuna atakayeruhusiwa kukijenga.

Kwa hivyo, kabla ya kumwita wakili, familia ingefaa iufuate mfereji kwa miguu, kuanzia bomani hadi kwenye mawe, ikiandika jina la kila shamba unalopita. Orodha hiyo mara nyingi ndiyo orodha ya wabia.